Bibi, Wajukuu na Buckeye

Mti wa buckeye wa jimbo la Ohio, Marekani, huanza kuangusha mbegu zake mwezi wa Septemba. Ganda la nje lina vijiba vidogo. Likikauka hupasuka lenyewe, na ndani hutoka mbegu ya rangi ya kahawia iliyokoza, laini kwa kugusa, yenye doa moja la mviringo lililopauka. Ukiilaza kiganjani unaona jicho la paa. Mwaka 1953 jimbo liliufanya mti huu kuwa mti wake rasmi, na timu za michezo za Chuo Kikuu cha Ohio State zinaitwa kwa jina hilohilo. Wako wanaotembea na mbegu moja mfukoni kutafuta bahati. Hakuna anayeila, kwa sababu ina sumu. Buckeye inayoliwa ni nyingine: kidonge cha siagi ya karanga na sukari, kinachochovywa kwenye chokoleti hadi kifunikwe karibu chote, kikaachiwa doa juu, pale jicho linapopaswa kuwa. Hakiingii kwenye oveni hata kidogo.

Ni kitamutamu cha majira ya majani kupukutika. Msimu wa mpira wa Kimarekani ukianza mwishoni mwa Agosti, sahani za buckeye huanza kuonekana sebuleni. Zinakuwepo Halloween, tarehe 31 Oktoba, zinakuwepo Thanksgiving, Alhamisi ya nne ya Novemba, na zinakuwepo siku Ohio State inapocheza na Michigan, mpinzani wake wa tangu 1897. Baada ya hapo huendelea hadi Krismasi.

Niliyemtazama akizitengeneza hakuzaliwa Ohio. Ni bibi kutoka Kyela, kaskazini mwa Ziwa Nyasa, anayeishi na mwanawe mjini Columbus, na kazi hii alifundishwa na jirani yake, mama mtu mzima wa hapohapo mjini. Kyela ni nchi ya kakao. Bibi huyu alikua akipasua matunda ya kakao kwa rungu, akitoa mbegu zilizofungwa kwenye ute mweupe, akizivundika chini ya majani ya mgomba kwa siku tano au sita hadi zigeuke rangi na harufu, kisha akizianika juani na kuzigeuza kwa mkono. Chokoleti yenyewe, kwa miaka mingi, haikumfikia. Ilikuwa mali ya watu wa mbali. Leo iko mbele yake mezani, na anaishika kwa heshima ya mtu anayejua imetoka wapi.

Wajukuu ni watatu: msichana wa miaka kumi, msichana wa saba, na mvulana wa minne. Kabla ya kitu chochote kufunguliwa, wananawa mikono kwa sabuni hadi kwenye viwiko, na bibi anakagua kucha. Kisha anafanya jambo ambalo nililiona dogo mwanzoni. Anaiacha kaunta ya jikoni, ambayo mvulana angeifikia kwa kupanda kiti tu, anachukua meza fupi ya sebuleni, anaifuta, anaitandika kitambaa safi, na kuhamishia kazi yote pale. Yeye mwenyewe anakaa kwenye kigoda. Sasa macho yake na ya mtoto mdogo yako kimo kimoja, na viwiko vya wote vinafika juu ya meza. Hakuna atakayechuchumia, wala atakayeinuliwa ili aone.

Vifaa anavipanga kwa mpangilio wa kazi, kushoto kwenda kulia: mizani ndogo ya jikoni, bakuli kubwa la kioo, mwiko, chekeche, kijiko cha chai, trei mbili zilizotandikwa karatasi ya kuokea, na vijiti vya meno ndani ya kikombe. Kila mtoto ana kitambaa chake chenye unyevu. Siagi ya maziwa ilitolewa kwenye friji tangu asubuhi. Anawaita watoto waibonyeze, mmoja mmoja. Kidole kinapaswa kuacha shimo bila kuteleza. Kikiteleza, siagi imelainika mno na itatoa mafuta, kisha vidonge vitalowa badala ya kushikana. Ndiyo maana haiyeyushi motoni, ingawa ingekuwa haraka zaidi.

Siagi ya karanga anayotumia ni ile ya dukani isiyojitenga mafuta. Msichana mkubwa anauliza kwa nini si ile nyingine, ya karanga tupu, wanayotilia mboga. Bibi anamjibu bila haraka. Ile ya karanga tupu ndiyo anayoipenda, ndiyo waliyoitwanga kwenye kinu nyumbani, lakini mafuta yake hupanda juu yakikaa, na kwenye kidonge yangetafuta njia ya kutoka. Mboga inayataka mafuta hayo, kidonge hakiyataki. Mtoto anaitikia kwa kichwa. Amepewa sababu, na nilimwona baadaye akimweleza mdogo wake sababu hiyohiyo kwa maneno yake.

Wanapima gramu 400 za siagi ya karanga na gramu 115 za siagi ya maziwa. Mkubwa anasaga kwa mgongo wa mwiko dhidi ya ukingo wa bakuli, anageuza, anasaga tena, hadi michirizi ya njano inapotea na rangi inakuwa moja. Bibi anaongeza kijiko cha chai cha vanila na chumvi ya kubebwa na ncha za vidole vitatu. Chumvi hii wengi huiacha. Mimi naiona ndiyo inayozuia sukari isiimeze ladha ya karanga.

Sukari ni ya unga, gramu 450, na ni kazi ya msichana wa saba. Sukari hii huwekwa wanga kidogo kiwandani ili isigandamane, lakini hugandamana hata hivyo, na punje moja ngumu ikibaki, ulimi utaikuta. Kwa hiyo inachekechwa. Mtoto anashika chekeche kwa mkono wa kushoto na kuligongagonga ubavuni kwa kiganja cha kulia. Mabonge yanayobaki anayaponda kwa kijiko. Anataka kumwaga yote kwa mara moja. Bibi anaweka mkono juu ya mfuko. Theluthi kwanza. Ikishachanganyika kabisa, theluthi nyingine. Theluthi ya mwisho ndiyo ngumu, kwa sababu mwiko unakwama na mkono unachoka. Hapo bibi anauweka mwiko pembeni, na mikono mitatu ya watoto inaingia bakuli moja. Wanakanda. Vumbi la sukari linapanda hadi kwenye nyusi za mvulana.

“Polepole, mume wangu,” bibi anamwambia. “Ukiikimbiza inakukimbia.”

Baada ya dakika chache donge linaacha kushika ukuta wa bakuli. Bibi anamega kipande, anakiviringisha, anakibonyeza kwa kidole gumba, na kumpa msichana mkubwa akitazame. Ukingo umepasuka nyufa nyembamba. “Imekuambia nini?” anauliza. Mtoto anakigeuza, anafikiri, anasema ni kavu. Bibi haongezi neno. Anamsogezea kopo la siagi ya karanga na kijiko cha chai. Kijiko kimoja kinaingia, wanakanda tena, wanabonyeza kipande kingine, na mara hii ukingo unabaki mzima. Kingekuwa kinanata kiganjani, dawa yake ingekuwa sukari kidogo, au dakika kumi za friji. Hakuna kipimo cha karatasini kinachoweza kumaliza jambo hili, kwa sababu kopo moja la siagi ya karanga si sawa na jingine, na hewa ya siku moja si sawa na ya nyingine. Anayejua hubonyeza.

Sasa kuviringisha. Bibi anapima kidonge cha kwanza kwenye mizani: gramu 16. Anakiviringisha mwenyewe, taratibu kuliko anavyohitaji, ili macho yafuate. Kwanza anakikamua ndani ya ngumi mara mbili ili hewa itoke na chembe zishikane. Kisha kiganja juu ya kiganja, mizunguko mipana yenye uzito kidogo, halafu mizunguko myembamba isiyo na uzito karibu kabisa. Hatua hii ya mwisho ndiyo inayofuta mistari ya kiganja kwenye kidonge. Anakiweka katikati ya meza na kusema hicho ndicho mfano. Kuanzia hapo mizani inaondolewa, na watoto wanapima kwa jicho na kwa uzito wa mkononi. Donge lile lote litatoa vidonge sitini hivi.

Mikono ina joto, na joto ni adui. Kila baada ya vidonge vichache bibi anajipangusa kwa kitambaa chake chenye unyevu, na watoto wanamwiga. Viganja vinavyong'aa mafuta haviviringishi tena, vinapaka tu. Msichana wa saba anapata mkono haraka na anaanza kushindana na dada yake. Bibi hawakemei. Anachukua kidonge kimoja cha haraka na kimoja cha mfano, anaviweka sambamba mbele yao, na kuendelea na kazi yake. Mwendo unapungua wenyewe.

Mvulana anatoa mayai, viazi na visahani. Hapa ndipo nilipoanza kumtazama bibi badala ya vidonge, maana nilijua mtu mzima yeyote angefanya nini: angevichukua kwa siri na kuviviringisha upya. Nimewahi kuona walimu wa shule wakifanya hivyo na kazi za watoto, na watoto hugundua. Bibi anamtengea mstari wake kwenye trei, ukingoni, na kila anachomaliza kinalazwa pale kama kilivyo. Mara moja tu bibi analaza mkono wake juu ya wa mvulana, wanaviringisha pamoja kidonge kimoja, mizunguko mipana halafu myembamba, kisha anauachia. Mstari ule ukisomwa kutoka mwanzo hadi mwisho unaonyesha mtoto akijifunza: viazi, viazi, yai, yai, kitu cha karibu na mviringo, na cha mwisho cha mviringo kabisa. Angevisahihisha, mstari huo usingekuwepo, na mtoto asingejua kwamba amepiga hatua.

Trei zinaingia kwenye friza kwa nusu saa. Muda huu nao ni sehemu ya kazi. Bibi anawavalisha makoti na kuwatoa hadi chini ya mti wa buckeye ulio mwisho wa mtaa, wakaokote mbegu. Wanarudi na mifuko imejaa. Anawakumbusha kwamba hizo haziingii kinywani, anazipanga kwenye kizingiti cha dirisha, mbali na chakula, na mikono inanawishwa upya. Zitakaa pale dirishani ili watakapochovya waweze kuinua macho na kuona doa linapaswa kuwa kubwa kiasi gani, na limekaa upande gani.

Chokoleti inabaki mikononi mwa bibi, kwa sababu kuna moto na mvuke. Ni gramu 350 za chokoleti nyeusi. Anaikatakata kwa kisu kirefu, ncha ikiwa imetulia ubaoni na mpini ukipanda na kushuka, mpaka vipande vinakuwa vidogo na sawa. Kipande kikubwa kingechelewa na kuwaunguza wenzake. Theluthi mbili zinaingia kwenye bakuli kavu. Theluthi moja anaitenga. Bakuli linakaa juu ya sufuria yenye vidole viwili vya maji ya moto yasiyochemka, na kitako cha bakuli hakigusi maji. Watoto wanasimama hatua moja nyuma.

Hapa neno kavu lina uzito wake. Tone moja la maji likiingia kwenye chokoleti inayoyeyuka, chembe za sukari hulowa, hunatana, na chokoleti yote hugeuka uji mzito wa chengachenga usiochovyeka. Bibi anafuta mwiko wa mpira kabla ya kuuingiza. Hafuniki bakuli, maana mfuniko hukusanya mvuke na kuurudisha ndani. Vipande vichache vikiwa bado havijayeyuka, analiondoa bakuli kwenye mvuke na kufuta kitako chake kwa kitambaa, ili jasho la chini lisidondokee mahali popote.

Kisha anaanza kurudisha ile theluthi aliyoitenga, kidogo kidogo, akikoroga bila kukoma. Wengi Ohio hawafanyi hivi. Wanaongeza kijiko cha mafuta ya kupikia kwenye chokoleti, inateleza vizuri, na wanaendelea. Si vibaya, ila huacha utando mdomoni, na vidonge hubaki laini kwenye vidole. Njia ya bibi ni ndefu zaidi, na sababu yake iko ndani ya mafuta ya kakao yenyewe. Mafuta hayo yakipoa huganda kwa namna kadhaa, na ni namna moja tu inayotoa chokoleti yenye kung'aa inayovunjika kwa mlio. Vipande ambavyo havijayeyushwa tayari viko katika namna hiyo. Vikiingia ndani ya chokoleti ya moto huipoza, na pia huifundisha kuganda kama vyenyewe. Chokoleti nyeusi ikifika nyuzi 31 au 32 za Selsiasi iko tayari. Bibi hana kipimajoto. Anachota kidogo kwa ncha ya kijiti safi na kugusa chini ya mdomo wake. Mwili una nyuzi 37; chokoleti iliyo tayari inapaswa kuonekana ya baridi kidogo pale. Anakoroga tena, anagusa tena kwa kijiti kingine. Kisha anapaka kidogo kwenye ncha ya kisu na kukilaza dirishani. Dakika tano wanakitazama wote wanne. Kinaganda, kinang'aa, hakina mstari mweupe hata mmoja.

Vidonge vinatolewa kwenye friza kumi kumi, si trei nzima. Kidonge cha baridi kali hugandisha chokoleti kabla haijajitandaza, ganda likawa nene, na baadaye likapasuka karanga inapotanuka. Kilichopata joto huchomoka kwenye kijiti na kuzama. Bibi anavitaka katikati ya hapo, na kwa kumi kumi anaipata katikati hiyo.

Msichana mkubwa ndiye mchovyaji. Anapachika kijiti cha meno juu ya kidonge hadi nusu ya kina chake. Bibi anainamisha bakuli ili chokoleti ikusanyike upande mmoja na kuwa na kina. Kidonge kinashuka wima, kinasimama pale doa linapobaki na upana wa ukucha wa kidole gumba, kinainuka. Hakiwekwi bado. Kinaning'inia, tone la kwanza linadondoka, la pili linadondoka, kisha kitako chake kinaguswa kidogo kwenye ukingo wa bakuli na kutikiswa, ili chokoleti ya ziada ibaki pale. Ukiruka hatua hii, chokoleti hutiririka kwenye karatasi na kidonge huota unyayo mpana. Ndipo kinatua kwenye trei, na kijiti kinachomolewa kwa kuzungushwa. Kikivutwa moja kwa moja huja na kipande cha doa.

Cha kwanza wanachovya mikono miwili pamoja, wa bibi juu ya wa mjukuu. Cha pili bibi ameondoa mkono. Cha tano kinachomoka na kuzama. Mtoto anaganda, macho kwa bibi. Bibi anachukua uma, anakiopoa bila kukiburuta, anakigongagonga ili kimwage ziada, anakilaza kwenye trei kikiwa kimefunikwa chote, hakina doa. “Huyu kasinzia,” anasema, na kuinamisha tena bakuli kwa ajili ya cha sita.

Kila kijiti kinaacha tundu dogo katikati ya doa, na tundu hilo ndilo linalotofautisha buckeye iliyomalizwa na iliyoachwa njiani. Linafungwa kwa kidole, wakati chokoleti imeshaganda nusu na karanga bado ni laini. Kidole cha mtu mzima ni kikubwa mno kwa kazi hii. Hugusa ukingo wa chokoleti na kuchafua jicho. Kazi hii amepewa mvulana. Anasogea na ncha ya kidole chake cha shahada, anasugua mara moja, mara mbili, tundu linatoweka, anahamia kwenye lingine. Anafanya kwa ukimya ambao sikuutarajia kwa mtoto wa miaka minne. Bibi anampitia kwa nyuma na kutazama, wala hagusi, maana hakuna cha kusahihisha. Tangu mwanzo aliipanga kazi ili imalizikie kwenye kidole kidogo kuliko vyote nyumbani, na kidole hicho kinaimaliza vizuri kuliko ambavyo chake kingeweza.

Trei zinakaa karibu na dirisha, na baridi ya Oktoba inafanya yaliyobaki. Baada ya dakika ishirini vidonge vinabanduka kwenye karatasi bila kuacha alama. Bibi anakimega kimoja mbele yetu: ganda linatoa mlio mdogo, ndani karanga ni laini bila kuteleza, chumvi inafika mwisho. Yeye huziita kashata zake, kwa kuwa karanga na sukari ni zilezile. Nimezila buckeye za madukani mjini Columbus, zenye ukubwa mmoja na madoa yanayolingana, na za bibi huyu wa Kyela zinazishinda, pamoja na vile viazi vya mwanzo wa mstari.

Zikipangwa kwenye kopo, karatasi kati ya tabaka na tabaka, hukaa wiki mbili kwenye friji. Za Halloween haziwekwi kwenye mifuko ya watoto wa mtaani wanaobisha hodi kuomba pipi; huko wazazi hutaka pipi za kiwandani zilizofungwa, na wana haki. Hizi huenda kwa watu wanaofahamiana: jirani, mwalimu, wageni wa Thanksgiving. Juu ya kila kopo msichana wa saba ameandika kwa kalamu nene neno moja kwa lugha mbili: karanga. Mzio wa karanga unaweza kuua, na kidonge hiki hakiwezi kutengenezwa bila hizo kikabaki hikihiki. Kwa hiyo ukiwaalika watoto wa wenzako kwenye kazi hii, waulize wazazi wao kwanza, kabla hujafungua kopo.